Hakimu wa kujitolea na mzee wa baraza

Kwenye ubao wa maktaba hapa mtaani kwangu, Uingereza, chini ya tangazo la paka aliyepotea, limebandikwa jingine: wanatafutwa mahakimu. Digrii ya sheria haihitajiki. Mshahara hakuna, nauli inarudishwa. Umri miaka 18 hadi 74, na uwe tayari kukaa mahakamani angalau siku 13 kwa mwaka.

Najua mtakavyosema: "Ndo hao mnaotuambia wameendelea?" Subirini kwanza.

Kesi zote za jinai za watu wazima Uingereza na Wales huanzia mahakama hizi za mahakimu wa kujitolea, na zaidi ya tisa katika kumi huishia hapohapo. Wanakaa watatu. Wa katikati ndiye msemaji, lakini kura yake ni moja kama ya wenzake. Mbele yao anakaa mshauri wa sheria. Huyo ndiye msomi, na analipwa. Anawaeleza sheria, ila kura hana kabisa. Wakimwita faragha awashauri, anachowaambia hurudiwa mbele ya pande zote mbili. Adhabu nayo ina mwongozo wa maandishi: inaanzia wapi, isizidi wapi. Anayekiri mapema kabisa hupunguziwa theluthi. Tangu Novemba 2024, kwa kosa moja wanaweza kufunga hadi miezi 12, na sababu wanazisoma hadharani.

Sasa nani alisema jambo hili ni geni kwetu Tanzania? Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 iliwapa wazee wa baraza, raia wa kawaida waliokaa na hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, kura, hata kwenye dhamana, wengi wape. Tukawafanya mapambo. Mzee alikuwa anasinzia, akiulizwa anajibu "nakubaliana na mheshimiwa". Angejibu nini kingine? Aliyemfundisha sheria alikuwa yuleyule hakimu aliyepiga naye kura!

"Umekula baridi kidogo unajifanya mzungu." Haya. Huku nako kuna madudu. Tangu 2015, makosa kama mwendo kasi na kutazama televisheni bila leseni yanaweza kuamuliwa na hakimu mmoja na mshauri wake, kwenye makaratasi, wewe hupo. Barua ikienda chumba ulichohama, unatiwa hatiani bila habari. Ukija kujua, una siku 21 za kuapa kwamba hukuwa na taarifa, kesi ianze upya. Na Wabongo wa huku tunavyohama vyumba bila kubadilisha anwani kwenye leseni ya udereva, mnategemea barua iwakute wapi?