Bakteria wa kuchagua au kinyesi cha mtu mzima wa afya?

Mwaka 2013 madaktari wa Amsterdam walichapisha jambo la kukunja uso. Walichukua kinyesi cha watu wenye afya, wakakikoroga kwenye maji ya chumvi, wakakichuja, wakakipitisha kwa mpira wa puani hadi tumboni mwa wagonjwa. Kati ya 16, walipona 13 kwa mara moja tu. Waliopewa antibayotiki ya vankomaisini peke yake walipona 4 kati ya 13.

Wote walikuwa na kuhara kunakojirudia kwa sababu ya Clostridioides difficile, bakteria anayetamba antibayotiki zikishafagia wenzake. Lakini kinyesi ni gunia lililofungwa. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuwa wagonjwa wawili walipata humo bakteria wa E. coli sugu kwa dawa, na mmoja akafa.

Ndipo hoja ya kuteua bakteria kwa majina, kumkuza kila mmoja kwenye chombo chake, kisha kuwachanganya, inaponishawishi. VE303, mchanganyiko wa namna hiyo wa kampuni ya Vedanta dhidi ya C. difficile, ina aina 8 za bakteria. Katika jaribio lililochapishwa 2023, ugonjwa uliwarudia 4 kati ya 29 waliopewa dozi kubwa, na 10 kati ya 22 waliomeza vidonge visivyo na dawa. Matokeo mazuri, ila hesabu ya watu 51 ni ndogo: wagonjwa watatu tu wakihama upande, habari inabadilika.

Halafu kuna VE202 ya kampuni hiyohiyo, aina 16, iliyolenga ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Mwaka 2025 ikashindwa kufikia lengo lake.

Binafsi sishangai. Kwa C. difficile kazi inayotakiwa inajulikana: baadhi ya bakteria wa kawaida huigeuza nyongo kuwa kemikali zinazomzuia adui kukua. Warudishe, nyongo inageuka tena. Kwenye vidonda vya utumbo, kinga ya mwili ndiyo inayoushambulia utumbo, na orodha ya bakteria waliokosekana ni ya kubahatisha. Kuongeza aina kutoka 8 hadi 16 hakuondoi kubahatisha huko. Labda kunakupamba tu.

VE303 sasa iko kwenye jaribio kubwa. Ndugu yangu akirudiwa na kuhara huko leo, hata hivyo, nitamtafutia kinyesi kilichopimwa vizuri.