Dhamana ya Jimbo Ina Bei Gani?

Seremala wa Baden-Württemberg anayetaka kununua mashine kwa mkopo wa nafuu wa L-Bank, benki ya maendeleo ya jimbo lake, kwa kawaida haendi kwenye dirisha la benki hiyo. Huenda kwenye benki anayoweka fedha zake siku zote, nayo ndiyo humpelekea ombi, humkabidhi mkopo na mara nyingi hubeba hasara, yote au sehemu yake, akishindwa kulipa. Utaratibu huu ndio unaonifanya nizitetee benki za maendeleo za majimbo ya Ujerumani: jimbo hukopa kwa riba ndogo kwa sababu linaaminika sokoni, kisha hupitisha unafuu huo kwa mwananchi bila kuzinyang'anya wateja benki nyingine.

Lawama hazikosekani. Mkopo mdogo huiletea benki ya mteja faida ndogo, kwa hiyo anayehitaji kidogo, au asiye na mali ya kuweka rehani, aweza kukwama kabla ombi lake halijafika kwenye benki ya jimbo. Isitoshe, baadhi ya nafuu huishia kwa kampuni ambazo zingekopa hata bila msaada, na hoja hii naiona nzito, kwa maana fedha hizo ni za umma.

Hata hivyo, hasara iliyowaumiza walipa kodi ilitoka kwingine, kwenye Landesbanken, yaani benki kubwa za biashara zilizomilikiwa na majimbo pamoja na benki za akiba. Kwa miongo kadhaa madeni yake yalidhaminiwa na serikali bila kikomo. Benki binafsi zililalamika Brussels kwamba ushindani huo si wa haki, na mwaka 2001 Ujerumani na Tume ya Ulaya zikaafikiana kwamba dhamana hiyo ikome tarehe 18 Julai 2005. Katika miaka hiyo minne ya mpito benki zilikopa kwa pupa, zikajikuta na fedha nyingi kuliko zilivyoweza kukopesha nyumbani. SachsenLB ya Leipzig, kupitia kampuni tanzu yake ya Dublin, ilijitosa katika hati za uwekezaji zilizotokana na mikopo ya nyumba za Marekani. Mwaka 2007 ilibidi iokolewe, ikaishia mikononi mwa LBBW, Landesbank ya Stuttgart.

Mwaka huohuo BayernLB, Landesbank ya München, ilinunua hisa nyingi za Hypo Alpe Adria, benki ya Kärnten, kusini mwa Austria. Kärnten, jimbo lenye watu wasiofika laki sita, lilikuwa limedhamini madeni ya benki hiyo ambayo wakati fulani yalizidi euro bilioni 20, mara nyingi zaidi ya bajeti yake ya mwaka. Mwishoni mwa 2009 Austria ililazimika kuitaifisha benki hiyo, na mwaka 2016 wadai wengi wakakubali kupokea takribani asilimia 90 ya fedha zao. Sielewi hadi leo ilikuwaje watunga sheria wakaidhinisha ahadi ambayo jimbo lao lisingeweza kamwe kuitimiza.

Wapo wanaohitimisha kwamba serikali haifai kumiliki benki. Jimbo la Nordrhein-Westfalen linawajibu: mwaka 2002 kazi za maendeleo za WestLB, Landesbank yake, zilitenganishwa na za biashara, nazo ndizo zilizozaa NRW.BANK, ambayo bado inadhaminiwa na jimbo. WestLB ilivunjwa mwaka 2012, NRW.BANK ingalipo. Wengine husema kosa ni kwenda kufanya biashara mbali na nyumbani, lakini benki ya kantoni (yaani jimbo) ya Solothurn, Uswisi, ilizama katika miaka ya 1990 baada ya kuimeza Bank in Kriegstetten, iliyokuwa ndani ya kantoni hiyohiyo.

Kwa hiyo umiliki na umbali havitoshi kuwa kipimo. Naipa uzito zaidi kazi iliyoandikwa katika sheria ya benki, pamoja na gharama ya dhamana yenyewe. Zürcher Kantonalbank, benki ya kantoni ya Zürich, Uswisi, huilipa kantoni yake fidia kwa ajili ya dhamana inayopewa, na malipo hayo huwafanya wajumbe wa bunge la Zürich waione dhamana hiyo kwenye hesabu, mwaka baada ya mwaka, kabla benki haijayumba.