Kabla hujauliza wati, uliza omu

Kwenye vijiwe vya wapenda mziki wa magari hapa Dar swali la kwanza siku zote ni hilohilo, amplifaya yako wati ngapi? Huyu anajibu elfu mbili, yule anajibu elfu tatu na nusu, basi kijiwe kinachangamka. Mi nikiuliza sabufa zako zimefungwa omu ngapi, yaani zina ukinzani kiasi gani kwa umeme, kimya. Na hilo linaniuma kweli, maana namba inayoamua kama mziki wako utadumu au utaungua ni ya omu, na ndo namba ambayo muuzaji hakutajii na fundi wengi hawapimi.

Tumalizane na wati kwanza. Zile zilizoandikwa kubwakubwa kwenye katoni ni maksimamu, haziwezi kukusaidia kitu. Za kuangalia ni RMS, yaani zile amplifaya inazoweza kutoa mfululizo, ambazo zinakuwa kwenye kale kakitabu ka ndani ambako watu wanakatupa pamoja na nailoni. Kama kakitabu kamepotea angalia fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya. Tuseme ziko mbili za ampia 30, jumla 60, zidisha kwa volti 13.8 za gari likiwa linaunguruma, unapata wati kama 828 zinazoingia, alafu hata hizi amplifaya za class D ambazo hazipotezi umeme sana zinatoa kama asilimia 80 ya kinachoingia, kwa hiyo hapo unaongelea wati 660 hivi. Sasa elfu mbili zitatoka wapi?

Turudi kwenye omu. Tulifundishwa shuleni kwamba ukinzani ukipungua umeme unapita mwingi, basi ni hilohilo tu. Sabufa mbili za omu 4, ukiunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, yaani paraleli, amplifaya inaona omu 2. Ukizipanga sirizi, hasi ya hii inaingia chanya ya ile, inaona 8. Mpaka hapo rahisi. Shida inaanza na sabufa zenye koili mbili (koili ni ule waya uliozungushwa ndani unaoisukuma sabufa), zile zina vituo vinne vya waya badala ya viwili, na sikuhizi madukani ndo zimejaa. Mtu ananunua mbili, kila moja imeandikwa omu 4 + 4, ananunua na amplifaya ya mono, yaani ya chaneli moja, ambayo mwisho wake wa chini ni omu 2, fundi anakusanya nyekundu zote pamoja na nyeusi zote pamoja kwa sababu ndivyo alivyozoea, na pale zimeshakuwa koili nne za omu 4 kwenye paraleli, jumla omu 1. Amplifaya inavutwa umeme mara mbili ya ule iliotengenezwa kuuhimili. Siku ya kwanza inapiga mpaka vioo vinatetemeka na mwenye gari anamsifia fundi, baada ya muda taa nyekundu ya protekti, ya amplifaya kujilinda, inaanza kuwaka mziki ukinoga, anaambiwa ni joto afunge feni, anafunga feni, mwisho inanuka.

Na dawa yake haina gharama yoyote. Kwa sabufa hizohizo panga koili za kila moja sirizi ziwe 8, alafu unganisha sabufa zenyewe paraleli, unapata omu 4. Utapoteza nguvu, hata karibu nusu ya zile za omu 2, lakini amplifaya itapumua. Kama hujanunua bado ni vizuri zaidi, chukua za omu 2 + 2, kila moja sirizi inakuwa 4, mbili paraleli zinakuwa 2 kamili, amplifaya inatoa nguvu yake yote bila kuteseka. Tofauti ni maandishi tu kwenye katoni la sabufa, bei mara nyingi ileile, na ukishafungua katoni duka halikurudishii hela.

Wale wa amplifaya ya chaneli mbili iliyounganishwa bridji, yaani chaneli zote mbili zinasukuma mzigo mmoja kwa pamoja, nao wawe makini, kwa sababu kwenye bridji kila chaneli inaona nusu ya mzigo. Sabufa ya omu 4 kwenye bridji, kila chaneli inahisi 2. Ukiongeza ya pili paraleli kila chaneli inahisi 1, na amplifaya nyingi za aina hiyo kwenye bridji mwisho wake wa chini ni omu 4.

Mi naamini mita ya kupimia umeme ndo kifaa cha kwanza cha fundi mziki, kabla ya bisibisi. Weka kwenye omu, gusanisha ncha zake mbili kwanza uone zenyewe zinasoma ngapi, labda 0.2, hiyo utaitoa baadaye. Alafu pima kwenye waya unaotoka kwenye boksi kabla haujaingia kwenye amplifaya. Koili ya omu 4 itasoma kama 3.5, usishtuke, ndivyo ilivyo. Ukitegemea 2 itasoma kwenye 1.7 au 1.8. Ikisoma 0.9 simama hapohapo, usiwashe kitu. Kupima hakumalizi hata dakika, na fundi asiyetaka kupima mbele yako chukua funguo yako uondoke, mafundi wazuri wapo na hawachukii kuulizwa.

Najua wengi hatukupanga hata kuingia huku. Gari linatoka Japani na redio yake inakamata FM kuanzia 76 mpaka 90 tu, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, unaenda Kariakoo kubadilisha redio unarudi na sabufa mbili kwenye buti la IST. Sawa, hamna ubaya, mdundo mzuri ni raha. Ila sasa muuzaji ameshakula bajeti yote kwenye vitu vinavyoonekana na waya umebaki wa kuokoteza. Hapo ndo nakasirika, maana amplifaya ikiungua umepoteza hela, waya ukiungua umepoteza gari.

Fyuzi ya kwenye betri inalinda waya, hailindi amplifaya, na inatakiwa iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45. Nimefunua boneti nyingi nikakuta waya mwekundu umetoka moja kwa moja kwenye betri ukapenya tundu la bati bila mpira, ukingo wa bati unaukwangua kila gari likipita kwenye matuta. Siku ganda likiisha, betri nzima inamwagika kwenye bodi na hamna kitu cha kuikata. Kuna watu wanajiaminisha kwamba fyuzi za kwenye amplifaya zinatosha, lakini zile ziko nyuma kwenye buti, waya wote wa kutoka mbele unabaki hauna mlinzi.

Waya wenyewe uukwangue kwa wembe kabla hujalipa. Ukiona nje rangi ya shaba na ndani mweupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi, kwa hiyo kama ndo uliopo chukua mnene zaidi. Kwa wati 500 za RMS mi nafunga geji 4 ya shaba bila kubishana, ni kama milimita 21 za mraba. Na ethi, ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari, iwe na unene uleule, fupi, kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae, sio bolti ya mkanda wa siti jamani, ile ni ya kuokoa maisha ya watu.

Geini, kile kitufe cha kuzungusha kwenye amplifaya, nayo sio volyumu. Kuizungusha mpaka mwisho hakuongezi wati safi, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa na koili ya sabufa inapikika hata ikiwa amplifaya ni ndogo kuliko sabufa. Kama mzigo ni omu 2 na unataka wati 500, zidisha 500 kwa 2, tafuta kipeuo cha pili, unapata volti 31.6 hivi. Chomoa sabufa, piga mlio wa hazi 50 redio ikiwa robo tatu ya sauti, ongeza geini polepole mita ikiwa kwenye volti AC na imeshika vituo vya sabufa vya amplifaya, ikifika hapo acha.

Ukimaliza rudisha waya za sabufa, washa gari, hamishia mita kwenye volti DC, shika vituo vya umeme vya amplifaya na upige wimbo wenye bezi nzito. Ikicheza kwenye 13 na kitu uko salama. Ikizama chini ya 12 kila ngoma inapogonga nenda kapime kwenye betri yenyewe wimbo ukiwa unaendelea, kama betri iko vizuri na amplifaya ndo inazama basi umeme unapotelea njiani, na mi huwa naanza kufungua ethi.