Anzia Nusu ya Pili

Mpe gitaa kijana yeyote wa Kampala anayejua kudonoa nyuzi kwa vidole, mwombe akupigie kitu cha klasiki, na kuna uwezekano mkubwa atakupigia Romance. Sauti ya juu itashuka polepole, besi itavuma chini yake, walio karibu watanyamaza, mmoja atatoa simu arekodi. Kisha, pale pale wimbo unapotaka kugeuka, kijana ataurudia mwanzo. Akishamaliza mara ya pili ataweka gitaa chini na kusema, "Halafu inaendelea hivyo hivyo."

Haiendelei hivyo hivyo. Nusu ya pili ni kitu kingine kabisa, na nimewasikia wapigaji wazuri, watu wanaolipwa kupiga harusini, ambao hawajawahi kuifikia. Maoni yangu ni haya, na najua yatawaudhi baadhi ya wanaofundisha: anayetaka kujifunza kipande hiki, au kingine chochote cha klasiki cha ukubwa huu, aanzie nusu ya pili. Mwanzo auache uje mwishoni.

Kipande chenyewe hakina mwenyewe. Wengine wanampa Fernando Sor, wengine Francisco Tárrega, wengine Antonio Rubira, na ushahidi wa kumaliza ubishi haujapatikana. Kilichokieneza duniani ni filamu ya Kifaransa ya mwaka 1952, Jeux interdits, ambamo gitaa lilipigwa na Mhispania Narciso Yepes. Kina vipimo 16 katika E maina, ile sauti yenye huzuni, vingine 16 katika E meja, ile yenye furaha, kisha unarudi juu na kumalizia na ile maina. Kipimo ni kile kisanduku kilicho kati ya mistari miwili ya wima kwenye karatasi ya noti. Walimu wa kwaya mtanisamehe kama kwenu mnakiita vingine.

Ubaya wa mwanzo wa Romance ni kwamba ni mwepesi mno. Mkono wa kulia, gumba linapiga uzi wa sita, kidole cha pete kinabeba wimbo kwenye uzi wa kwanza, cha kati na cha shahada vinajaza kwenye uzi wa pili na wa tatu, tatu tatu bila kupumzika. Mkono wa kushoto, kwa vipimo vya kwanza kwanza, unahitaji kidole kimoja tu kinachotembea juu ya uzi wa kwanza. Nyingine zote zinalia wazi, bila kubanwa. Hakuna uchawi hapo. Uzi wa sita, wa tatu na wa pili zikiachwa wazi ni E, G na B, yaani kodi (noti zinazolia pamoja) nzima ya E maina imeshategwa kabla hujagusa kitu. Gitaa lenyewe ndilo linalokupigia, wewe unapokea pongezi.

Kipimo cha saba kinakutaka ubane nyuzi kwenye freti ya tano (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). Cha tisa, kidole cha shahada kinalala kwenye freti ya saba, na katika cha kumi, kikiwa bado kimelala pale, kidole cha mwisho kinanyooka mpaka freti ya 11. Hapo wengi huanza kusikia maumivu chini ya gumba la kushoto na kukumbuka kwamba wana shughuli nyingine. Wanaovuka hapo wanakutana na nusu ya pili: shapu nne (alama za kupandisha noti), nyuzi za wazi zimepungua, na mkono wa kushoto unalazimika kujipanga upya karibu kila hatua.

Sasa fikiria mtu aliyekwisha kusifiwa kwa vipimo sita. Kwa nini ateseke? Video alizojifunzia kwa bando la simu zinaanza pale pale anapopajua, na rafiki zake wakimwomba apige, wanaomba sehemu ile ile. Kila anapokaa na gitaa anaanzia juu, kwa sababu juu ni patamu, na akifika kwenye ugumu amechoka tayari. Mwanzo umepigwa mara nyingi kupita kiasi na mwisho haujapigwa kabisa. Mtu wa namna hii hana uvivu. Mpangilio wa mazoezi yake ndio unaomfunga.

Ukianza nyuma, mambo yanageuka. Unapeleka nguvu mpya ya asubuhi kwenye nusu ya pili, na kipimo cha kwanza hakihitaji asubuhi yako. Halafu kuna faida ambayo mtu huiona siku ya kupiga mbele za watu: badala ya kutoka kwenye unachokijua kwenda kwenye unachokiogopa, unasogea kila dakika kuelekea sehemu uliyoikalia zaidi. Hofu inapungua kadiri wimbo unavyokwenda. Nimewaona wapigaji wa noti wenye vyeti wakitetemeka kwa sababu wamefanya kinyume cha hayo.

Lakini usiguse gitaa kabla hujaimba. Hapa sisi wa makanisa tuna mali ambayo hatuitumii. Kwaya nyingi za Uganda zimelelewa kwa sol-fa, na watu wasioweza kusoma noti hata moja kwenye mistari mitano wanakusomea ukurasa mzima wa do-re-mi bila kupepesa. Basi nusu ya kwanza ya Romance inaanza hivi: mi mi mi, mi re do, do ti la, la do mi, kisha la ya juu mara tatu, la sol fa, fa mi re, re mi fa. Iimbe ukiosha vyombo. Nusu ya pili nayo inaanza mi mi mi, ila mara hii nyumbani ni do, si la. Mi ile ile kwa jina, lakini imesogezwa chini hadi freti ya nne na inatazama upande mwingine. Mwanakwaya wa sauti ya tatu ataelewa jambo hili kwa sikio kabla mwalimu wa gitaa hajamaliza kulieleza.

Kuna mzee mmoja wa Kikongo anayeshona nguo Katwe, hapa Kampala, na gitaa lake linaning'inia ukutani karibu na cherehani. Anapiga kwa mtindo wa Katanga, kusini mwa Kongo, ule wa gumba na kidole cha shahada basi. Nilimpigia kipande changu nikitegemea sifa. Alisikiliza huku akikata uzi kwa meno, halafu akauliza kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "Kijana yangu, gumba yako inasikiliza nani?" Nikamwambia gumba linafuata vidole, mzee. Akacheka. Alichukua gitaa, akapiga besi peke yake, tena na tena, mpaka mteja aliyekuja kuchukua suti akaanza kutikisa kichwa, ndipo akaleta kidole cha shahada juu yake. Besi haikusogea hata kidogo.

Mtindo ule una historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1952, mwaka ule ule wa filamu ya Kifaransa, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya, kule Jadotville, mji wa Katanga ambao leo ni Likasi. Mwenda aliimba kwa Kiswahili na gitaa lake lilisikika kama watu wawili. Muziki wake ukafika Afrika Mashariki, ukaacha alama kwa wapigaji wa Kenya, na sisi tuliokulia Arua, karibu na mpaka wa Kongo, tuliusikia kwa wazee waliokuwa wakivuka mpaka na biashara zao. Kwa hiyo mtu akiniambia kudonoa gitaa kwa sauti mbili ni mambo ya wazungu, namwelekeza Katwe.

Nikiri kwamba hoja hiyo ya "muziki wa wazungu" inanichosha. Justinian Tamusuza, Muganda, alichukua mapigo ya Kiganda akayaandikia vinanda vinne vya nyuzi (fidla mbili, viola na selo), na kundi la Kimarekani la Kronos Quartet wakayaweka kwenye albamu yao ya mwaka 1992. Hakuna aliyemwambia aombe ruhusa.

Na kwa Romance kuna mwalimu mwingine wa hapa hapa: amadinda, marimba ya Kiganda. Vipande 12 vya mti, wapigaji wawili wakitazamana, kila mmoja anapiga mstari wake kwa mapigo sawasawa. Wa kwanza ni omunazi. Omwawuzi anaingia katikati ya mapigo yake. Wa tatu, omukoonezi, yuko kwenye vipande viwili vya mwisho vya juu. Hakuna anayeharakisha, hakuna anayechelewesha, na bado msikilizaji anasikia nyimbo ambazo hakuna mkono wowote unaozipiga peke yake. Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik alikuja kujifunza jambo hili kwa mwanamuziki wa Kiganda Evaristo Muyinda, akaliandika sana baadaye. Sikio lenyewe ndilo linalokusanya noti zinazofanana kimo na kuzifanya wimbo.

Romance inafanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Katika kila kipimo vidole vinapiga noti tisa zenye urefu mmoja, na wimbo ni tatu tu kati yake. Ukizipiga zote kwa nguvu sawa unapata kelele nzuri, lakini wimbo unazama. Zile tatu zote zimeangukia kidole cha pete, kidole dhaifu kuliko vyote isipokuwa kile cha mwisho. Kwa hiyo mazoezi ninayoyaamini ni haya: ondoa cha kati na cha shahada kabisa. Piga gumba na kidole cha pete tu, nusu ya pili yote, polepole, ukiimba. Vikishakaa, ingiza vile vya katikati kwa sauti ya chini kiasi kwamba aliye chumba cha pili asivisikie. Metronomu ya simu inatosha. Mwendo wa 60 ni mwingi kwa kuanzia. Shuka hadi 45 na usione haya.

Kuhusu vifaa sina mengi. Gitaa la kanisani lenye nyuzi za chuma litafanya kazi, ila shingo yake ni nyembamba, kwa kawaida karibu milimita 43 pale juu, na la klasiki ni kama 52. Hizo milimita tisa ndizo nafasi ya vidole vyako kutogusana. Usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki kwa sababu ya bei. Mvutano wake ni mkubwa na utang'oa daraja. Wa kaskazini, kiangazi cha kuanzia Disemba kinakausha mti, basi gitaa likae kwenye kasha lake na siyo ukutani (mzee wa Katwe hanisikilizi).

Kucha ni habari nyingine. Mkono wa kulia unahitaji kucha zinazozidi ncha ya kidole kidogo tu, zilizosuguliwa kwa msasa laini mpaka ziteleze. Mwanaume mwenye kucha ndefu za mkono mmoja ataulizwa maswali kwenye boda, kazini na ukweni. Wadada wa saluni wanajua kuzitunza kuliko sisi, na wakishaelewa ni za gitaa wanakupa ushauri bure. Ya kidole cha pete ikivunjika wiki ya kupiga, basi utapiga kwa nyama ya kidole, na sauti itakuwa nene zaidi. Si mwisho wa dunia.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwamba utakipiga wapi kipande cha namna hii. Harusini watu wanataka kinanda na spika. Ni kweli. Lakini kuna muda mrefu katika kila kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, ambapo wageni wameketi na mambo hayajaanza, na gitaa moja bila spika linatosha hema zima kama mshereheshaji atakubali kushusha maikrofoni dakika tano. Huko ndiko nilikosikia Romance nzima ikipigwa, na bibi mmoja mbele yangu alipumua kwa nguvu ile meja ilipoingia. Baadaye ilipogeuka tena kuwa maina, mi mi mi ile ya mwanzo haikuwa ile ya mwanzo tena. Ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu sasa tulikwisha kuonyeshwa upande wa pili. Anayepiga nusu ya kwanza mara mbili anarudia noti zile zile, lakini kitu hiki hatakisikia, wala wasikilizaji wake.

Kwa sasa nimehamia kwenye Lágrima ya Tárrega, ambayo imepangwa kinyume: meja inatangulia, maina inafuata, kisha unarudi kwenye meja. Nimeanza na ile maina, kama ninavyohubiri. Jirani yangu ameshagonga ukuta akiuliza kwa nini napiga nyimbo za msiba kila asubuhi, na nimemwambia avumilie, furaha iko ukurasa wa kwanza na sijafika.