Pua ya mtoto haitaki dawa, inataka maji ya chumvi

Mwezi wa saba Nakuru ni mwezi wa kamasi. Kuanzia Lanet hadi Kiamunyi, alfajiri baridi inauma, na watoto wa ploti nzima wanakoroma kama wazee.

Kinachonikera ni ushauri unaofuata. Jirani anakutuma ununue dawa ya mafua ya maji, shosho anataka umnyonye mtoto pua kwa mdomo, na mwingine amekuja na kopo la mafuta ya menthol. Mashosho nawaheshimu, wametulea. Lakini hapo nakataa. Mdomo wa mtu mzima una viini vyake, na menthol inaweza kuwasha njia ya hewa ya mtoto mchanga na kuongeza kamasi. Dawa za mafua hazifai watoto wadogo, na asali usimpe kabla hajafika mwaka mmoja.

Mtoto wa miezi michache hupumua zaidi kwa pua. Ikiziba, anashika titi, anavuta mara mbili, anaachilia na kulia. Mama anadhani maziwa yamepungua, kumbe ni kamasi. Kwa hivyo kazi yetu ni kufungua pua kabla ya kunyonyesha na kabla ya kulala, basi.

Wapo wanaochanganya chumvi wenyewe. Mimi naona afadhali kununua matone ya maji ya chumvi kwenye duka la dawa, kwa maana vijiko vya jikoni havilingani, na chumvi ikizidi inamwasha mtoto. Ila soma lebo: iwe sodiamu kloraidi asilimia 0.9 peke yake. Kwenye rafu hiyo hiyo huwa kuna vichupa vya kufanana vyenye dawa ya kuzibua pua za watu wazima, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa hicho.

Mlaze chali, kichwa kirudi nyuma kidogo, tia matone mawili au matatu kila tundu, ungoje kama dakika moja. Mara nyingi anapiga chafya na mambo yanaisha. Isipotosha, chukua kile kipira cha kunyonya kamasi. Kibonyeze kikiwa bado nje, ingiza ncha tu, kisha achilia polepole. Ukikibonyeza ndani ya pua unasukuma kamasi nyuma. Kioshe kwa maji moto na sabuni, kikauke. Usikitumie kila saa, maana ngozi ya ndani ya pua huvimba ikisumbuliwa na pua inaziba upya. Vijiti vya pamba viache mbali kabisa.

Beseni la maji yanayochemka karibu na mtoto, sitaki hata kusikia. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ndilo baya zaidi: gesi yake haina harufu na inaua, na baridi yetu hii inawashawishi wengi.

Sasa, kuna pua iliyoziba na kuna mtoto mgonjwa. Akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, au 50 kuanzia miezi miwili hadi mwaka, nenda hospitali. Nenda pia mbavu zikibonyea ndani anapovuta hewa, akikataa kunyonya, midomo ikigeuka buluu, au joto likifika 38 naye hajatimiza miezi mitatu. Hata kama ni saa nane usiku, tafuta gari.