Ukaguzi wa madiwani usiishie siku ya uzinduzi

Kabla ya Baraza la Madiwani kuketi kila robo mwaka, wajumbe wa Kamati ya Fedha hufanya ziara ya kukagua miradi. Huoneshwa msingi uliomwagwa zege, hupima kwa macho ukubwa wa madirisha, humhoji mhandisi kuhusu mifuko ya saruji, na mara nyingine huagiza ukuta uliopinda ubomolewe. Ni kazi njema, na halmashauri zetu za Mtwara na Lindi zingekuwa na hasara kubwa zaidi kama isingefanyika. Tatizo langu ni kwamba ziara hizo huelekea kule kunakojengwa tu. Nyumba ya mganga iliyokabidhiwa miaka kadhaa iliyopita, iliyo jirani kabisa na wodi mpya inayokaguliwa, hupitwa bila mtu kuuliza kama paa lake linavuja au nani analala ndani yake.

Jengo la umma kwetu hupata macho mengi kuanzia siku ya kuweka jiwe la msingi hadi siku ya kukata utepe, kisha hutoweka katika makabrasha ya vikao. Huduma yenyewe huanza siku ile ambayo sisi tunauhesabu mradi kuwa umekamilika, na kuanzia hapo usimamizi wa madiwani ndipo ungepaswa kuongezeka.

Nianze na nyumba. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya nyumba za umma mijini haimo mikononi mwa halmashauri. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1962. Majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971 yalisimamiwa na Msajili wa Majumba mpaka mwaka 1990, yalipohamishiwa kwa shirika hilo. Nyumba za watumishi wa Serikali Kuu ziko chini ya Wakala wa Majengo. Wapangaji wa taasisi hizi ni wakazi wa kata zetu, na taka zao na mifereji yao ni mzigo wa manispaa, lakini diwani wao akiulizwa kuhusu bomba la maji machafu lililopasuka hujibu kwamba nyumba hizo si za halmashauri. Jibu hilo ni sahihi kisheria, ila halimsaidii mpangaji. Mkurugenzi anaweza kuwaalika mameneja wa taasisi hizo mbele ya Kamati ya Mipangomiji walau mara moja kwa mwaka, waeleze hali ya majengo yao. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na mwananchi huyo ni pamoja na yule anayepanga kwa Serikali.

Nyumba zilizo chini ya halmashauri moja kwa moja ni zile za walimu, waganga, wauguzi na watendaji, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Muuguzi aliyepangiwa zahanati ya kijijini akikosa nyumba karibu, hupanga mbali, na mama mjamzito anayefika usiku hukuta mlango umefungwa. Mwalimu anayeishi umbali wa kilomita nyingi hufika akiwa amelowa wakati wa masika, kama amefika. Kwa hiyo hali ya nyumba ya mtumishi ni hali ya huduma yenyewe. Hata hivyo, ni baraza gani linalowekewa mezani orodha ya nyumba hizo, moja moja, ikionesha nani anaishi wapi, kwa utaratibu gani, analipa kodi kiasi gani, na lini nyumba ilipakwa rangi au kubadilishwa mabati mara ya mwisho? Ukanda wetu wa pwani una chumvi inayokula mabati na nondo, na jengo lisilotunzwa huchakaa haraka kuliko lile la bara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliwauzia watumishi nyumba zake nyingi, na waliohamishiwa vituoni baadaye wakakuta hakuna pa kufikia. Kinga dhidi ya jambo la namna hiyo kujirudia katika ngazi ya halmashauri ni orodha iliyo wazi.

Wapo watakaosema kwamba ukaguzi upo, kwa kuwa Mkaguzi Mkuu hupita kila mwaka na halmashauri nyingi hupata hati yenye kuridhisha. Naiheshimu sana kazi ya ofisi ile. Lakini hati hiyo inazungumzia iwapo hesabu zimeandaliwa na kuwasilishwa kwa usahihi. Haimaanishi kwamba choo cha ukumbi kinafanya kazi. Kulichungulia choo ni kazi ya diwani.

Katika burudani na mapumziko hali ni ileile, ingawa hapa kuna kishawishi cha ziada, nacho ni mapato. Swali linaloulizwa kuhusu bustani, ukumbi au uwanja ni kiasi kilichokusanywa kulinganisha na makisio. Ni nadra kuulizwa watoto wangapi walicheza, kama bembea zimevunjika, kama taa zinawaka baada ya magharibi ili wanawake wapite bila hofu, au kama vijana wa mtaani bado wanaruhusiwa kupiga mpira bila kulipia. Mtwara ulikuwa mmoja wa miji saba ya mradi wa miji ya kimkakati uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mji wetu ulinufaika. Taa na mifereji ya aina hiyo, ikikosa fungu la matengenezo, itabaki kuwa deni tu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 108,299 katika manispaa, na tumeongezeka sana tangu hapo. Maeneo ya wazi hayajaongezeka, na manispaa, ikiwa mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007, ndiyo yenye wajibu wa kuyalinda.

Pale Mikindani, boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 lilikuwa gofu mpaka shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipolikarabati na kuligeuza hoteli. Sipendekezi kila jengo likabidhiwe wageni. Ninachokiona pale ni kwamba jengo hudumu anapokuwapo mtu anayewajibika kulitunza kila siku.

Hoja ya ukosefu wa fedha nina uelewa nayo. Halmashauri za Newala, Tandahimba na Masasi zinategemea mno ushuru wa korosho, ambao kwa mazao ya biashara ulipunguzwa mwaka 2017 kuwa asilimia 3, na msimu ukiyumba, matengenezo ndiyo hukatwa kwanza. Lakini kuandika orodha ya nyumba na kuzitembelea hakuhitaji fungu jipya, kwa sababu magari ya ziara yanatoka kila robo mwaka hata sasa.

Kwa madiwani walioingia baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 nina ombi mahususi. Katika kila ziara, nusu ya vituo iwe majengo yaliyokwisha kukabidhiwa, na mtendaji wa kata asipewe taarifa mapema kuhusu lipi litakaguliwa. Orodha ya nyumba za watumishi na mikataba ya kumbi na bustani ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, ikieleza kodi inayolipwa na tarehe ya mkataba kumalizika. Na katika taarifa ya kata inayosomwa barazani, kiongezwe kifungu kimoja cha hali ya majengo, kitakachoandikwa baada ya kumsikiliza anayeishi humo au anayeyatumia.