Bima ya mafuriko: anayeihitaji hapewi, anayepewa haoni haja

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo, kila masika kubwa ikipita, swali ni lilelile: kwa nini wenye nyumba hawakati bima? Swali zuri, ila mara nyingi anaulizwa asiyehusika. Mwenye nyumba kandokando ya Mto Msimbazi, hata akiwa na pesa mkononi, kampuni gani itakubali kumkatia?

Bima ni mchango wa wengi kwa wachache watakaopatwa, ilimradi hakuna ajuaye atakuwa nani. Nyumba iliyoingia maji mwaka juzi, mwaka jana na mwaka huu haina fumbo tena. Ada yake ikipigwa kwa haki itakaribia gharama ya ukarabati wenyewe, na hapo ni afadhali mtu aweke hizo pesa kwenye kibubu. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kampuni ikikataa kukata bima ya nyumba iliyo mita 20 kutoka mtoni, mimi siwezi kuiita katili.

Wako waliojaribu kuipinda hesabu hiyo. Marekani ilianzisha mpango wa serikali wa bima ya mafuriko mwaka 1968. Leo mwenye nyumba anaweza kukinga jengo hadi dola 250,000 na vyombo vya ndani hadi dola 100,000. Ukasaidia wengi, lakini ada za bei nafuu ziliwapa watu sababu ya kujenga upya palepale, na baada ya vimbunga kama Katrina mpango ukazama kwenye madeni. Mwaka 2017 Bunge lao lilifuta dola bilioni 16, na bado zikabaki zaidi ya bilioni 20. Uingereza ilikuwa na werevu zaidi. Mfuko wao wa Flood Re, ulioanza 2016, unachangiwa na kampuni zote za bima za nyumba ili kuzibeba nyumba zilizo hatarini, lakini nyumba zilizojengwa kuanzia 2009 hazimo, ili mjenzi asikimbilie bondeni akitegemea kubebwa na wenzake. Sharti hilo nalipenda. Shida ni kwamba huko wachangiaji wapo, maana nyumba nyingi zina bima. Kwetu, ambako watu wanajenga kwa tofali mia leo na bati kumi mwakani, mfuko wa namna hiyo ungechangiwa na nani?

Kwa hiyo dawa ya bondeni si bima. Ni kuhama kwa fidia, kama inavyofanyika kwenye mradi wa Bonde la Msimbazi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, hata kama ukubwa wa fidia yenyewe umezua manung'uniko.

Lakini yuko mtu mwingine, naye ndiye anayejidanganya. Huyu kajenga Mbezi au Tegeta, mbali na mto, na anasema kwake maji hayafiki. Kisha jirani wa juu anamwaga kifusi kwenye mkondo, kalvati inaziba kwa chupa za plastiki, na usiku mmoja sebule inakuwa bwawa. Maji ya namna hii ndiyo ya bahati mbaya, na bima inamfaa kabisa. Kwa kawaida kinga ya mafuriko huongezwa kwenye bima ya moto, na ada ya mwaka haifiki asilimia moja ya thamani ya nyumba, kabla ya VAT ya asilimia 18.

Wanaoipinga wana hoja moja nzito: mkataba. Tuseme kuijenga nyumba yako upya ni shilingi milioni 120, nawe ukaiandikisha milioni 60 ili ada ishuke. Maji yakiiletea hasara ya milioni 20, hutalipwa 20. Uliandikisha nusu, unalipwa nusu: milioni 10, na bado kuna kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mkataba unakuachia ukibebe mwenyewe. Ukuta wa uzio na geti mara nyingi havimo mpaka uvitaje. Unyevu uliopanda ukutani taratibu kwa miaka hauhesabiwi kuwa mafuriko. Nyumba ikiwa na mkopo, benki hulazimisha bima, na fidia huanza kuangalia deni kabla ya kukuangalia wewe.

Kwangu hiyo ni sababu ya kusoma mkataba, si ya kuukimbia. Mwambie wakala akuoneshe neno mafuriko limeandikwa wapi na limefafanuliwaje, kabla hujalipa. Ukidhulumiwa, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ila kama bado unajenga na pesa ni ya kuchagua, inua msingi kwanza.

Kuna jambo moja ambalo wakala halisemi mpaka umuulize. Mito ya Dar haiishii kuingiza maji ndani. Inamega kingo, na kila masika inachukua hatua kadhaa za viwanja vya watu. Bima ya nyumba inakinga jengo, ardhi haimo. Mto ukiondoka na kiwanja, utashika hundi ya kuta nne bila pa kuzisimamisha.